Somo kwa motari mpya: kuanguka kidogo na matunzo ya kwanza



Katika miji yetu ya mashariki ya Kongo, vijana wengi wanalisha jamaa zao kwa kazi ya pikipiki. Wako waliotoka shuleni, wako pia walioweka silaha chini na kurudi kutoka porini. Somo hili ni la yule anayeanza. Jambo dogo likishughulikiwa mapema, halizai kubwa.

1. Kuanguka kidogo

Mara nyingi motari mpya huanguka akienda polepole: anapokata kona kwenye changarawe, anapoanza kupanda mlima na abiria, au anapofunga breki ghafla kwenye matope. Goma kuna mawe makali ya volkano. Bukavu kuna miteremko, na mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Basi punguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona. Tumia breki zote mbili pamoja, taratibu.

Ukianguka, zima injini, kwa sababu petroli inaweza kumwagika. Tokeni barabarani. Mwangalie abiria wako na yule mliyegongana naye. Kidonda kidogo kioshwe kwa maji safi na sabuni. Aliyegonga kichwa, akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama hatoki damu. Kabla ya kuondoka, kagua usukani, breki, klachi na taa.

Hapo kuna hatari nyingine. Watu wanakusanyika, wenzako wanafika kwa hasira, na mmoja anauliza: "Huyu ni kabila gani?" Taa iliyovunjika imekuwa vita ya mtaa. Usiwaite wenzako waje kukupigania. Toa pole kwanza, ndipo mzungumzie kosa. Mkikubaliana juu ya gharama, andikeni kwenye karatasi mbele ya mashahidi wawili.

2. Matunzo ya kwanza

Vyuma vya injini mpya bado havijazoeana. Vinasagana na kuacha chembe za chuma ndani ya oili. Kwa hiyo oili ya kwanza hubadilishwa mapema. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya kilomita 500 na 1.000. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Siku hizo usivute mafuta hadi mwisho, wala usipakie mizigo mizito.

Fundi akaze bolti, apime valvu, aangalie breki na upepo wa tairi. Cheni isikazwe sana wala isilegee: kwa pikipiki nyingi ndogo, katikati yake inacheza sentimita 2 hadi 3. Kumbuka pia kwamba tairi mpya zinateleza siku za kwanza.

Kama pikipiki si yako, patana na mwenyewe tangu siku ya kwanza: nani atalipa oili, na siku ya fundi utampa kiasi gani? Ugomvi mwingi kati ya motari na mwenye pikipiki unatoka kwenye neno ambalo halikusemwa mwanzoni.

Maswali ya kuzungumzia katika chama chenu

- Mwenzetu akigongana na mtu, sisi tunafika kuzima moto au kuuwasha?
- Nani kati yetu atawafundisha wapya?

Safari njema!