Shawa inayotona Tarbaj: chukua spana, abaayo

Abaayo, dada yangu wa Tarbaj, swali lako nimelisoma, na nimeona nilijibu mbele ya wenzako kwa sababu wengi wana shida hiyo hiyo na wamenyamaza. Shawa inatona usiku kucha. Umeshabadilisha kile kichwa chenye matundu na bado inatona. Fundi yuko Wajir mjini, huja siku anayotaka yeye. Baba watoto yuko kazini mbali, na hupendi mwanamume wa kando aingie bafuni mwako ukiwa peke yako nyumbani. Nakuelewa kabisa, na wala usione haya kuwa hilo ndilo linalokukwaza zaidi. Kazi hii unaiweza mwenyewe, kwa spana moja, bisibisi na kipande cha mpira cha bei ndogo sana.

Tuanze na kile kichwa ulichonunua bure. Kichwa cha shawa hakizuii maji, kinayapitisha tu. Kinachozuia ni mfereji wa ukutani, ule unaoufungua na kuufunga kwa mkono, na ndani yake ndiko kuna tatizo. Ukishafunga, maji yaliyobaki kwenye bomba la juu hudondoka dakika chache kisha hukatika. Hayo ni kawaida. Lakini kama alfajiri bado inatona na hakuna aliyeoga tangu jana jioni, mfereji haufungi.

Kabla ya kugusa chochote, weka kikombe chini ya matone kwa saa moja. Kikombe cha robo lita kikijaa, unapoteza lita 6 kwa siku. Kwa mwezi ni lita 180, yaani mitungi 9 ya lita 20. Piga hesabu hiyo kwa bei unayomlipa mwenye mkokoteni wa punda. Tarbaj haina mto. Maji yetu ni ya kisima, ya silanga wakati wa mvua, na ya boza mambo yanapokuwa magumu. Na yalikuwa magumu sana: kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa mbele ya macho yetu. Mtu aliyeishi miaka ile hawezi kulala akisikia maji yanatona. Tena dini imetufundisha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika hata lita moja. Ikijaza kikombe hicho kila saa, shawa yako humwaga maji hayo kabla ya muda wa saa nne kupita, na hakuna aliyetawadha.

Najua umeweka ndoo chini yake. Ni vizuri, lakini ifunike kwa kitambaa na uyatumie maji hayo siku hiyo hiyo. Mbu wa Aedes, anayeeneza chikungunya na dengi, hupenda kutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa kama wiki moja hadi mbili. Jirani zetu wa Mandera waliumizwa na chikungunya mwaka wa 2016. Ndoo isiyofunikwa bafuni ni hatari kwa watoto wako.

Sasa, kwa nini mfereji uliharibika? Angalia ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe uliogandia chini ni madini ya maji ya visima vyetu, na huganda vivyo hivyo ndani ya mfereji. Mifereji mingi ya kuzungusha, ile inayohitaji mizunguko miwili mitatu kufunga, ina kipande cha mpira mviringo kiitwacho washa. Ukifunga, washa inashuka na kukaa juu ya mdomo wa shaba ambao maji hupitia. Muundo huo ni wa zamani: karakana ya Guest and Chrimes ya Rotherham, Uingereza, iliusajili mwaka wa 1845. Ukoko na mchanga vikiingia katikati, mpira unakatika na njia ya maji inabaki wazi. Hapo ndipo tunapokosea karibu sote: tunakaza zaidi. Kila unapokaza, ule ukoko unazama ndani ya mpira, halafu unaanza kukwaruza shaba yenyewe. Mpira ni wa shilingi chache. Shaba ikiharibika utanunua mfereji mzima. Kuanzia leo usikaze tena.

Chagua siku tangi linapokaribia kuisha, kabla boza halijaja. Ikiwa chini ya tangi kuna valvu, ifunge. Kama haipo, hiyo siku ya tangi tupu ndiyo nafasi yako, na boza linalofuata lisijaze kabla hujamaliza. (Nyumba yako ikifanyiwa ukarabati siku nyingine, dai valvu ya kufungia bafu peke yake.) Fungua mfereji wa shawa, maji yaliyobaki yaishie kwenye ndoo. Ziba tundu la kutolea maji sakafuni kwa kitambaa, maana skrubu ikitumbukia huko huipati.

Kwenye mkono wa mfereji utaona kifuniko kidogo, mara nyingi chenye alama nyekundu au ya buluu. Kibandue taratibu kwa ncha ya kisu. Chini yake kuna skrubu. Ifungue, vuta mkono utoke. Mkono ukikataa, umegandishwa na ule ukoko. Usiupige kwa nyundo. Loweka kitambaa kwa siki, kizungushie hapo kwa nusu saa, kisha ujaribu tena kwa kuutikisa huku na huku.

Sasa unaona kipande cha shaba chenye pembe sita. Kabla ya kukilegeza, rudisha mkono kidogo na uzungushe kama unayefungua maji, nusu njia tu, ili washa isiwe imebanwa chini. Funga kitambaa kwenye spana isikwaruze, halafu zungusha kinyume cha saa. Ikiwa bomba lako limepita juu ya ukuta, si ndani yake, lishike kwa spana ya pili au mtu akushikie kwa nguvu. Bila hivyo nguvu yako itahamia kwenye kiungo cha bomba na kukipasua, na utakuwa na uvujaji mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Kipande kikitoka, kigeuze. Washa iko chini yake, pengine imeshikwa na nati ndogo. Ile mbovu utaijua: ina duara lililochimbika, au imekauka na kupasuka. Itoe, uende nayo mkononi hadi kwenye hadiwea. Usiende na maneno. Washa za nusu inchi hazilingani zote, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote. Nunua tatu, mbili uweke akiba. Ikiwa ni Ijumaa na duka limefungwa, geuza ile ya zamani upande wake mzima uwe chini. Itakusukuma siku kadhaa. Wengine hukata kipande cha tyubu ya gurudumu la mkokoteni kwa kufuata umbo lake. Huzuia maji, lakini ni laini na haidumu, kwa hiyo usiisahau humo.

Kabla ya kurudisha, ingiza kidole ndani ya mfereji na upapase ule mdomo wa shaba. Hatua hii watu huiruka, halafu wiki mbili baadaye wanalalamika washa mpya ni feki. Ukihisi ukoko, usugue kwa kitambaa chenye siki mpaka uwe laini. Ukihisi mkato au pengo, washa yoyote utakayoweka italiwa tena. Hapo fundi ana kifaa cha kusawazisha mdomo huo, au badilisha mfereji. Rudisha vitu kwa mpangilio ulivyovitoa, kaza kwa kiasi, kisha fungua maji ya tangi polepole. Funga mfereji kwa vidole viwili. Maji yakikoma kwa vidole viwili, umefaulu.

Kama mfereji wako hufunga kwa robo mzunguko tu, huo hauna washa. Ndani mna sahani mbili za kauri zinazosuguana, na punje ya mchanga hutosha kuziharibu. Kitoe kipande kizima, kioshe. Kikiendelea kutona nunua kingine kama hicho, tena kwa kukipeleka cha zamani dukani. Na kama maji yanatokea kwenye shina la mkono, si kwenye kichwa cha shawa, kaza kidogo nati iliyo nyuma ya mkono. Isiposaidia, ilegeze na uzungushie shina ule utepe mweupe wa kufungia mabomba.

Kile kichwa chako cha zamani usikitupe. Matundu yake yameziba tu. Mimina siki kwenye mfuko wa plastiki, kizamishe humo usiku mzima, asubuhi ukisugue kwa mswaki mkuukuu. Lakini nisikilize vizuri hapa: siki na Jik visikutane kamwe. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha linaweza kukuua. Na nyinyi mnaonisoma kutoka Nairobi au Eldoret, wenye shawa za umeme za kuchemsha maji, zimeni swichi kuu kabla hata ya kugusa kichwa chake. Ndani yake mna nyaya, na kukifungua mwachieni fundi wa umeme.

Jambo la mwisho ni la spana. Najua kuna nyumba ambako mwanamke akishika spana anaambiwa anajifanya mwanamume. Bibi zetu walijenga aqal, nyumba za kuhamahama, kwa mikono yao, wakazibomoa, wakazipakia juu ya ngamia na kuzijenga tena penye malisho. Nyumba ilikuwa kazi ya mwanamke, pamoja na kila fundo lake. Nenda na hoja hiyo kwenye ayuuto yenu, kile chama cha kuchangiana kwa zamu. Zamu moja ikichangiwa kidogo, mtapata spana ya kurekebisha, bisibisi mbili na pakiti ya washa, mzungushe nyumba kwa nyumba. Wa kwanza kufaulu awafundishe wengine bafuni kwake, na mtu asiachwe nje eti ni mdogo; msichana wa gredi ya 7 anaiweza kazi hii.

Skrubu ikikataa hata baada ya siki, usiivunje. Niandikie, ueleze mfereji ni wa mizunguko mingi au robo, bomba limepita juu ya ukuta au ndani, na umefika hatua gani. Nitakujibu kabla tangi lako halijajazwa tena.