Mchezaji Akihama: Somo la Maneno ya Mpira

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya maneno yatumikayo katika habari za mpira wa miguu, kwa kuwa wanafunzi wetu hapa Rwimbogo huyasikia redioni kila jioni lakini hawayatumii sawasawa wanapoandika insha. Maneno aliyonipa ni haya: kuhama, kusajili, mkataba, shabiki, mwanachama, msaliti. Nimekubali kwa furaha. Lakini afadhali nikiri tangu mwanzo kwamba hilo neno la mwisho limenisumbua tangu kiangazi kilichopita, na sababu yake nitaieleza chini, mtu asidhani kwamba nafundisha jambo lisilonihusu.

Neno bila habari halishiki kichwani, basi tuanze na habari. Wengi wenu mwamjua Haruna Niyonzima, aliyekuwa nahodha wa Amavubi kwa miaka mingi. Ni mtu wa Gisenyi, kule juu ya ziwa lile lile la Kivu ambalo sisi wa Rusizi tuko chini yake. Alianza na Etincelles ya kwao, akaenda Rayon Sports, na mwaka 2007 akahamia APR. Wasomaji walio mbali na wajue kwamba Rayon, iliyoanzishwa Nyanza mwaka 1968, na APR, timu ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1993, ndizo timu mbili ziigawazo Rwanda siku ya mchezo, hata ndugu wa nyumba moja hukaa mbalimbali. Mwaka 2011 akavuka mpaka, akaenda Dar es Salaam kuichezea Young Africans, ambayo watu wote huiita Yanga. Alikaa huko miaka sita, na katika miaka hiyo Yanga ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Wapenzi wa timu walimwita Fabregas, kwa jinsi alivyokuwa akiupeleka mpira pale anapotaka uende.

Mkataba wake ulipokwisha katikati ya mwaka 2017 yeye na Yanga hawakupatana juu ya mpya. Akaenda Simba.

Aliyepata kufika Kariakoo ajua maana ya sentensi hiyo fupi. Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Moja iko Jangwani na nyingine Msimbazi, na mtu aweza kutoka kwa moja mpaka kwa nyingine kwa miguu bila ya kutoka jasho. Wa kijani na njano hawavai nyekundu, na wa nyekundu hawavai kijani. Basi habari ilipotoka, baadhi ya wapenzi wa Yanga wakaichukua jezi yenye jina lake wakaitia moto, na picha zikafika mpaka kwetu huku katika simu za watu. Mwaka ule ule Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda, nami nilicheka peke yangu darasani nilipoona kwamba wanafunzi wangu wamejifunza neno "msaliti" kabla ya neno "mkataba".

Sasa tuyatazame maneno yetu.

Kusajili ni kuandika jina la mtu katika daftari rasmi. Klabu humsajili mchezaji, mchezaji husajiliwa. Msiandike "mchezaji amesajili Simba", kama nilivyoona katika madaftari saba wiki iliyopita. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa, nayo yana siku ya kuanza na siku ya kwisha. Hapa ndipo watu wengi hukosea, si katika tahajia bali katika fikira. Kanuni za FIFA zasema kwamba mkataba wa mchezaji usipite miaka 5, na wa aliye chini ya miaka 18 usipite miaka 3. Ikibaki miezi 6 au chini yake, mchezaji ana ruhusa kupatana na klabu nyingine, na ukiisha kabisa yu huru kwenda apendako.

Haikuwa hivyo zamani. Katika nchi nyingi za Ulaya klabu iliweza kumzuia mtu hata baada ya mkataba wake kwisha, mpaka klabu nyingine itoe fedha. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, aliyetaka kutoka Liège kwenda Dunkerque ya Ufaransa akazuiwa, alipeleka shauri lake mpaka Mahakama ya Ulaya, naye akashinda tarehe 15 Desemba 1995. Yeye mwenyewe hakuzifaidi fedha ambazo wachezaji wengine wamezipata kwa hukumu ile, maana miaka ya kesi ilikuwa imemla ujana wake wa kucheza. Nasema hivi ili mjue kwamba ruhusa hii ya kuondoka haikutoka mbinguni. Kuna mtu aliyeilipia.

Basi tukiuliza kwa mizani ya mkataba, Niyonzima alivunja nini? Hakuvunja kitu. Na tukumbuke kwamba mwishoni mwa mwaka 2015 ni Yanga yenyewe iliyouvunja mkataba wake kwa shauri la nidhamu, ikamsamehe na kumrudisha mwanzoni mwa mwaka 2016. Sikusikia mtu akiiita klabu msaliti.

Lakini sitaki mdhani kwamba wale waliochoma jezi ni wapumbavu tu. Tutazame maneno mawili yaliyobaki. Shabiki, au mpenzi wa timu, ni mtu aishangiliaye. Mwanachama ni zaidi: ana kadi, hulipa ada, na ana kura mkutanoni. Simba na Yanga zimekuwa klabu za wanachama tangu asili yake, kwa hiyo mzee wa Jangwani asemapo "klabu yangu" hasemi kwa mapambo, ni yake kama shamba la ushirika lilivyo la wanaushirika. Na shabiki asiye na kadi ametoa kitu ambacho hakina tarehe ya kwisha. Mchezaji hupewa miaka miwili. Shabiki hupewa maisha. Mtu aliyelelewa katika Rayon hawezi kusajiliwa na APR akiwa na miaka 30 kwa sababu amepewa nyumba. Hana dirisha la usajili. Anapomwona mtu aliyemwimbia miaka sita akipiga picha na jezi ya wapinzani, aona kama kwamba nyimbo zake mwenyewe zimechukuliwa zikaimbwa kwingine. Uchungu huo ni wa kweli, na anayeucheka hajapata kuipenda timu.

Lakini uchungu huo hautokani na kuondoka, watokana na mahali aendapo mtu. Sisi wa Rusizi tulikuwa na Espoir, ambayo kwa miaka mingi ilicheza ligi ya juu katika kiwanja cha Kamarampaka pale Kamembe. Mchezaji wake akichukuliwa na timu ya Kigali, tulisema: kijana wetu ameendelea, na tulimtafuta redioni Jumamosi. Hakuna aliyechoma kitu. Lakini mwaka 2019, Rayon ilipokuwa imetoka tu kuchukua ubingwa, wachezaji wake kadhaa, miongoni mwao Manzi Thierry, Mutsinzi Ange na Manishimwe Djabel, walihamia APR, na katika duka moja la hapa watu wawili waliacha kusalimiana mpaka Krismasi. Safari ya kutoka Kigali mpaka Kigali ikawa ndefu kuliko ile ya kutoka Rusizi.

Ulaya nako hakuna nafuu. Luis Figo alipotoka Barcelona kwenda Real Madrid mwezi wa Julai mwaka 2000, watu wa Barcelona walimwita Yuda. Na miaka miwili baadaye, Novemba 2002, aliporudi katika kiwanja chao na kwenda kupiga kona, walimtupia vitu vingi, kimoja kikiwa kichwa cha nguruwe, hata mwamuzi akausimamisha mchezo kwa muda. Hata yule Fabregas mwenye jina, aliyekuwa nahodha wa Arsenal kabla ya kwenda Barcelona, aliporudi London mwaka 2014 alirudi kwa Chelsea. Kama jina laweza kumwambukiza mtu tabia, basi wapenzi wa Yanga walipaswa kumchagulia Niyonzima jina jingine.

Na hapa kuna jambo ambalo lafaa kuandikwa kwa wino mwekundu. Katika kiangazi kile kile cha 2017, Ibrahim Ajibu alitoka Simba akasajiliwa na Yanga. Njia ile ile, miguu ikielekea upande wa pili. Wale waliokuwa wakichoma jezi moja walikuwa wakiishangilia nyingine wiki zile zile, na wa Msimbazi nao vivyo hivyo kwa kinyume. Kwa hiyo katika lugha ya kiwanjani, msaliti si neno lenye maana yake lenyewe. Ni neno lielezalo mahali alipokaa msemaji.

Hadithi ya Niyonzima iliendelea. Akiwa Simba alipata ubingwa wa 2018 na wa 2019, akarudi Rwanda kuchezea AS Kigali, na mwanzoni mwa mwaka 2020 alikuwa amekwisha rudi Yanga. Ndiyo, Yanga. Walimpokea kwa nderemo, na Julai 2021 alipomaliza, klabu ilimuaga kwa heshima. Sijui waliochoma jezi mwaka 2017 walinunua nyingine kwa bei gani.

Katika kamusi, kusaliti ni kutoa siri za wenzako kwa adui, au kuwageuka watu walioutegemea uaminifu wako wakaingia hatarini. Katika Kinyarwanda twasema umugambanyi, na kila mtu mzima wa nchi hii ajua kwamba hilo si neno la kuchezea. Nami nililichezea.

Kiangazi kilichopita nilikuwa karani wa timu ya kilima chetu. Kijana mmoja, ambaye wengi wenu mwamjua na kwa hiyo simtaji, aliacha kutuchezea akaenda timu ya chini bondeni, ile ambayo tumeshindana nayo tangu nikiwa mdogo. Huko walimpa viatu, na kazi ya likizo katika mashine ya kukoboa mpunga. Sisi tulikuwa tumempa jezi namba 6 na makofi. Hakuwa na mkataba nasi, wala wa karatasi wala wa mdomo. Kamati ilikutana usiku, watu wakiwa na hasira, ikaamua kwamba jezi irudishwe na barua iandikwe. Karani ni mimi. Niliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, na lile neno nililiandika mara tatu.

Kijana hakuwako nyumbani walipoipeleka. Aliyeipokea ni mama yake, naye hajui kusoma. Akamwomba jirani amsomee, na jirani akaisoma uani kwa sauti, watu wakiwapo.

Jumapili iliyofuata timu mbili zilikutana. Kijana alicheza nusu ya kwanza tu, akapoteza mipira ambayo hakuwa na desturi ya kuipoteza, na kila alipoguswa na mpira sisi tulipiga kelele. Nami nilipiga. Jumatatu aliingia darasani kwangu akakaa dawati la nyuma, na wenzake wawili wakahama dawati. Hajaugusa mpira tangu siku ile, wala kwetu wala kwa wale wa bondeni. Mashine ya mpunga ameiacha pia, kwa sababu kazi ile ilikuja pamoja na mpira. Jezi iliniletea mama mwenyewe, imefuliwa na kupigwa pasi, akanipa kwa mikono miwili kama mtu arudishaye chombo cha jirani, akasema, "Asante, mwalimu." Ningali nayo nyumbani.

Zoezi la kidato cha tatu, na wa zamani wapendao wajaribu pia:

Andikeni barua moja isiyozidi ukurasa mmoja, kutoka kwa karani wa timu kwenda kwa mama wa mchezaji aliyehama. Tumieni maneno yote ya somo hili, isipokuwa la mwisho. Msitumie methali. Elezeni wazi kwamba mtoto wake hakuvunja mkataba wowote, na kwamba barua ya kwanza ilikosewa na aliyeiandika. Madaftari yawe mezani kwangu Ijumaa. Zitakapokuwa zimesahihishwa nitaichagua iliyo nzuri kuliko zote, nami nitaisema kwa Kinyarwanda mbele ya mama yule, uani pale pale, nikiwa nimeichukua na jezi.