Somo: Kioo cha Bei ya Kutupa na Uchunguzi wa Serikali



Kioo cha kutoka nje kikiingia sokoni kwa bei rahisi, wengi wetu husema papo hapo: "Hawa wanatuua, serikali iwafungie mlango." Lakini serikali haifungi mlango kwa sababu ya urahisi peke yake. Kwanza huchunguza maswali mawili, nasi yafaa tuyajue.

Swali la kwanza ni la bei. Tuseme kiwanda cha ng'ambo huuza chupa nchini kwao kwa shilingi 100, na chupa ile ile hukiuzia nchi nyingine kwa shilingi 80. Pengo ni shilingi 20, yaani asilimia 25 ya ile 80. Hiyo ndiyo bei ya kutupa, na ushuru wa kuizuia haupaswi kuzidi pengo hilo. Kama hata kwao wanauza 80, basi chupa ni rahisi tu, na hakuna bei ya kutupa hapo.

Kwa nini jambo hili hutokea sana katika kioo? Tanuri la kioo huwaka usiku na mchana, miaka mingi mfululizo, kwa joto la nyuzi kama 1500. Halizimwi Jumamosi kama taa ya ofisi. Likipoa, kioo huganda ndani na tanuri huharibika. Basi soko la kwao likilegea, mwenye kiwanda huendelea kuyeyusha, na ziada huisukuma nje kwa bei yoyote atakayopata.

Swali la pili ndilo gumu. Je, viwanda vya nchini na wafanyakazi wake wameumia? Na je, wameumizwa na bidhaa hiyo au na jambo jingine?

Tutazame Marekani, ambako kila swali lina ofisi yake. Wizara ya Biashara hupima bei. Tume ya Biashara ya Kimataifa hupima madhara. Sheria yao inakiruhusu hata chama cha wafanyakazi kupeleka malalamiko. Desemba 2023 chama cha United Steelworkers, pamoja na kampuni ya Ardagh Glass, kililalamikia chupa za mvinyo kutoka China, Chile na Meksiko. Kwa chupa za China, Wizara ilikuta kweli bei si ya haki. Hata hivyo, mwaka 2024 Tume iliamua kwamba chupa hizo hazikuvidhuru viwanda vya Marekani kwa kiwango cha kisheria. Ushuru haukuwekwa. Wenzetu walishinda swali la kwanza, wakaanguka kwenye la pili.

Katika swali hilo Tume hutazama uzalishaji, mauzo na faida, na pia idadi ya wafanyakazi, saa zao na mishahara yao. Hesabu za faida anazo mwajiri. Hizi nyingine ni zetu pia.

Kenya ilitunga sheria ya uchunguzi wa namna hii mwaka 2017. Katibu wa tawi akiulizwa ni wangapi walipunguzwa, mwezi gani, na zamu ipi ilifutwa, atahitaji daftari. Matawi mengi tuliyoyatembelea hayana.