Dondoo muhimu: Tayarisha feni kabla ya joto la Januari

Joto la Nairobi hukolea Januari hadi Machi, kabla ya mvua za masika. Anayeishi orofa ya juu chini ya mabati, katika mitaa kama Umoja au Kayole, analijua vizuri.

Anza na feni iliyolala juu ya kabati tangu mwaka jana. Chomoa plagi, fungua wavu, panguza mapanga kwa kitambaa chenye unyevu. Lile vumbi jeusi lililoganda ukingoni hupunguza upepo. Kausha kabla ya kuwasha. Ikinuka kama inaungua, mpelekee fundi.

Feni haipoozi hewa, hukausha jasho mwilini. Ukitoka chumbani, izime: ya wati 50 ikizunguka saa 10 hula nusu yuniti ya tokeni ya umeme.

Bahati yetu ni kwamba usiku hupoa, kwani jiji liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana funga mapazia ya upande wa jua. Jioni fungua madirisha, uelekeze feni nje isukume joto.

Siku za joto, mzee mpe maji hata asipoomba. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji.