Siku Mwanafunzi Alipokuwa Tangi la Maji

Malili ni kituo cha njiani, ambacho wasafiri wa barabara kuu ya Nairobi na Mombasa aghalabu hukipita wakiwa wamesinzia. Lakini mwaka 2009 serikali ilinunua hapa ekari 5,000 za ranchi, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaja kuzindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, na tangu hapo huwezi kumshawishi kijana wa Malili kwamba tarakilishi ni jambo la watu wa mbali. Wachache wao huja kwangu kila Jumamosi kujifunza kuandika programu, nami nataka kueleza jinsi nilivyowazoeza kuitazama programu kama jamii ya vitu, kila kitu na siri yake na wajibu wake, baada ya kushindwa vibaya mara ya kwanza.

Nilishindwa kwa sababu nilivifuata vitabu, ambavyo, kana kwamba vimekula kiapo, huanza na Mnyama, kisha Mbwa na Paka wakamrithi. Wanafunzi wakachora shajara za nasaba zenye kupendeza macho. Walakini nilipowataka waandike programu ya kioski cha maji, waliniletea mistari mia mbili iliyotiririka toka juu hata chini kama mto wa msimu usio na bwawa la mchanga.

Jumamosi moja umeme ukakatika, nikakata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Hila yenyewe si yangu: Kent Beck na Ward Cunningham, Wamarekani wawili, waliieleza mwaka 1989, nayo ni kuandika juu ya kadi jina la aina ya kitu, kushoto majukumu yake, na kulia wale anaoshirikiana nao. Mimi niliongeza mgongo wa kadi, ambako mwanafunzi huandika kwa penseli, ili aweze kufuta, hali ya kitu chake kwa saa ile: Tangi lina lita 5,000, Punda ana mitungi minne ya lita 20, Mteja ana shilingi kadhaa. Kisha kila mmoja husimama na kuwa kitu hicho. Watu watano au sita watosha. Wakizidi, waliosalia hugeuka watazamaji. Sharti ni moja tu: ni haramu kutazama mgongo wa kadi ya mwenzio, sembuse kuuandika, ukihitaji neno, muombe mwenyewe.

Sharti hilo halikueleweka mpaka lilipovunjwa. Binti aliyekuwa Muuzaji, akichoka kusubiri, alimpokonya Tangi kadi yake akafuta lita 20, ilhali Tangi naye alikuwa amekwisha kuzipunguza, mtungi mmoja ukawa umekula lita 40, na darasa zima likapiga kelele, "Mwalimu, maji yameibwa!" Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu mintarafu ya kuficha hali ya kitu, nikayaacha mfukoni.

Shida iliyodumu ilikuwa nyingine. Kadi ya Muuzaji ilijaa majukumu kumi na moja, na wenzake wakasimama kama nguzo, wakingoja kuamriwa. Dawa niliyoipata ni swali moja, nililolirudia hata wakaniiga kwa mzaha: "Nani ajuaye?" Nani ajuaye kama maji yanatosha? Tangi. Basi jukumu la kupima ni lake, na Muuzaji afute. Nani ajuaye kama mzigo umezidi? Punda. Ikabidi kuandika kadi zote upya, na hapo ndipo somo lilipo: usiwaonee huruma, waache wafute. Tulipoongeza tangi la pili hatukubuni majukumu mengine; tuliandika mgongo mpya tu, kwani kalibu ni ile ile, tofali ndilo jingine.

Kurithi nilikuweka mwisho kabisa, wiki ya sita, na mfano sikuutoa mbali. Kila mtoto wa shule ya msingi Kenya amesomeshwa ngeli, na ajua kwamba kifaru, japo amevaa vazi la kiti na kisu, husemwa amekuja wala si kimekuja: umbo amelirithi, mwendo ameubadilisha. Hivyo Punda na Baiskeli wote huitika neno "beba", kila mmoja kwa namna yake, na Muuzaji hana haja ya kujua nani amesimama mlangoni. Kwa hakika, Dahl na Nygaard huko Norway waliiunda Simula, mama wa lugha za kuandikia programu za namna hii, miaka ya 1960 kwa ajili ya kuiga mambo ya dunia kama haya, na sioni kwa nini sisi tuanze na paka.

Umeme uliporudi na tukaandika programu yenyewe, nilimwomba kijana aliyekuwa Tangi aongeze njia ya kunionyesha lita zilizobaki. Akanitazama, akakiweka kidole chake juu ya kibodi asibonyeze, akaniuliza: "Mwalimu, wataka kujua ni ngapi, au wataka kujua kama zinatosha?"