Manyoya ya Kufungia Nzi wa Ndoana: Jinsi ya Kuyachagua na Kuyanunua

Wazee husema, mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni kweli shambani. Lakini iko kazi moja ambayo asiyechagua si fundi, nayo ni kazi ya kufunga nzi wa ndoana. Katika nchi ya Kenya wako mafundi, wanaume kwa wanawake, wapatao riziki kwa kazi hiyo, na nzi wanaowafunga hupelekwa Ulaya na Marekani kwa wavuvi. Basi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za manyoya, maana fundi hodari akiwa na unyoya mbaya, kazi yake itakuwa mbaya.

Kwanza na tueleze nzi huyu ni kitu gani. Yuko samaki aitwaye trauti, akaaye katika mito ya maji baridi yaendayo kasi. Asili yake si kwetu. Aliletwa kutoka Uskoti, na mwaka 1905 akatiwa katika Mto Gura, katika milima ya Nyandarua. Samaki huyu hula wadudu waangukao juu ya maji, na wale wakuao ndani yake. Mvuvi hamtafuti kwa chambo cha nyama, bali kwa ndoana ndogo iliyofungwa uzi na manyoya hata ikafanana na mdudu. Ufundi huu si wa jana. Yapata miaka 1,800 iliyopita mwandishi Aelianus alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu katika ndoana, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo yenye rangi kama nta, wakavua samaki wa mtoni.

Sasa, kwa nini manyoya ya jogoo? Tazama unyoya mmoja. Katikati una uti, na pande zote mbili una nyuzi nyembamba. Fundi huuzungusha unyoya huo katika ndoana, nyuzi zikasimama pande zote kama miguu ya mdudu. Nyuzi zikiwa ngumu na zenye kuteleza, nzi husimama juu ya maji wala hazami. Zikiwa laini kama pamba, hunywa maji, na nzi huzama. Jogoo aliyekomaa ana manyoya ya namna ile ya kwanza. Tetea ana ya namna ya pili. Hii si kusema kwamba ya tetea hayafai. Nzi wa kuzama huhitaji manyoya laini yachezayo ndani ya maji kana kwamba yana uhai. Kwa hiyo, kabla ya kununua, jiulize: nzi wangu ni wa kuelea au wa kuzama? Asiyejiuliza hivyo hutupa fedha zake.

Wengine watasema: Kuku wamejaa mijini, wachinjwa kila siku, mbona manyoya yanunuliwe kwa bei kubwa? Jibu ni hili. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa majuma machache tu, na manyoya yake hayajakomaa. Jogoo wa manyoya hufugwa yapata mwaka mzima, tena peke yake katika kizimba, asije akapigana na wenzake akaharibu shingo. Watu wamechagua mbegu yake kwa miaka mingi. Katika Marekani, Bwana Henry Hoffman wa Oregon alizalisha majogoo wenye mistari myeusi na myeupe, na mwaka 1989 mbegu yake ikapita kwa Bwana Tom Whiting wa Colorado, aliyeendeleza kazi hiyo. Basi ulipapo bei ya unyoya, walipa pia chakula cha jogoo na miaka ya uchaguzi.

Manyoya huuzwa yakiwa yameshikamana na ngozi yake, na ngozi zenyewe ni namna mbili. Ya kwanza ni ya shingo. Hiyo ina manyoya ya vipimo vingi, madogo karibu na kichwa, makubwa karibu na mabega. Yamfaa fundi afungaye nzi wa ukubwa mbalimbali. Ya pili ni ya kiuno, karibu na mkia. Manyoya yake ni marefu, na unyoya mmoja waweza kufunga nzi kadha wa kadha, lakini vipimo vyake si vingi. Yamfaa fundi aliyeagizwa nzi wengi wa kipimo kimoja.

Ukiwa mbele ya mwuzaji, usitazame rangi tu. Fanya haya yafuatayo:

1. Geuza ngozi, uitazame upande wa ndani. Iwe kavu na safi. Ikiwa ina mafuta mengi au yanuka, iache.

2. Ikunje ngozi polepole hata manyoya yasimame. Hesabu kwa macho yaliyo mazima, na yale yaliyovunjika ncha. Tazama pia manyoya machanga ambayo bado yamo katika ala zake. Hayo hayafungi nzi.

3. Shika unyoya mmoja bila kuung'oa, uupinde juu ya kidole. Nyuzi zisimame sawasawa, ziwe za urefu mmoja. Uti upindike kwa urahisi. Uti mnene au mkavu hukatika au hujipinda katika mkono wa fundi.

4. Tazama mwangani sehemu iliyo karibu na uti. Mara nyingi hapo pana utando mzito usiopitisha nuru vizuri. Kwa nzi wa kuelea, utando huo uwe mdogo sana.

5. Pima urefu wa nyuzi kwa ndoana. Nafasi iliyo kati ya ncha ya ndoana na mpini wake ni kipimo chako. Nyuzi ziwe ndefu kuliko nafasi hiyo mara moja na nusu, au kupita kidogo. Kumbuka kwamba namba ya ndoana ikizidi, ndoana yenyewe hupungua; namba 14 ni ndogo kuliko namba 10.

6. Ikiwa manyoya yametiwa rangi, yasugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Rangi ikihamia kitambaani, itahamia mtoni pia.

Habari ya rangi ni fupi. Anayeanza asinunue kila rangi aionayo. Ngozi moja ya hudhurungi na moja ya mistari myeusi na myeupe zatosha kwa mwanzo. Nzi aitwaye Adams, aliyebuniwa Michigan mwaka 1922 na ambaye wavuvi wengi wampenda hata leo, hufungwa kwa rangi hizo mbili pamoja.

Sasa tufanye hesabu kidogo, nayo walimu waweza kuwapa wanafunzi wao. Bei hizi ni za mfano tu. Ngozi moja yauzwa shilingi 1,500, nawe waona ina manyoya 50 yakufaayo. Nyingine yauzwa shilingi 3,000, nayo ina 150. Ya kwanza yaonekana rahisi, lakini kila unyoya wake ni shilingi 30. Katika ya pili kila unyoya ni shilingi 20. Tazama basi: rahisi imekuwa ghali. Tusihesabu ngozi, tuhesabu manyoya yatakayofanya kazi.

Ndege wengine nao wana faida. Tausi hutoa nyuzi za kijani zing'aazo kwa kiwiliwili cha nzi, naye huangusha manyoya ya mkia kila mwaka, hata yaweza kuokotwa bila kumchinja. Kanga ana manyoya yenye madoadoa yafaayo kwa miguu ya nzi wa kuzama. Bata ana malaika karibu na tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia, yaeleayo vizuri. Manyoya laini yaliyokuwa yakitoka kwa korongo aitwaye marabu, siku hizi hutoka kwa bata mzinga, na ndivyo ipasavyo.

Hapa twataka machifu na walimu watusikilize sana. Si kila unyoya mzuri ni halali kununuliwa. Jogoo wa mwitu wa Uhindi, mwenye manyoya ya shingo kama yaliyopakwa nta, yumo katika mapatano ya mataifa yanayosimamia biashara ya wanyama na ndege wa mwitu. Kasuku wa kijivu wa Afrika, tangu mwaka 2017, ni marufuku kumfanyia biashara ya mataifa akiwa amekamatwa mwituni. Mtu akikuletea manyoya ya ndege wa mwitu, mwulize yametoka wapi na idhini yake iko wapi. Akisitasita, usinunue.

Mwaka 2009, mwezi wa Juni, kijana mmoja aliingia usiku katika nyumba ya makumbusho ya Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege. Baadhi yake zilikusanywa zaidi ya miaka 150 kabla ya siku hiyo. Aliziuza kwa watu wafungao nzi wa fahari, wasiotiwa majini kamwe. Alikamatwa mwaka uliofuata, lakini ngozi nyingi zilikuwa zimekwisha katwa na kutengwa na vibandiko vyake. Ngozi isiyo na kibandiko haiwaambii tena wataalamu ndege yule alipatikana wapi na lini. Elimu hiyo imepotea, wala fedha haziwezi kuirudisha. Mwizi hakuwa peke yake katika hasara ile. Wanunuzi walioona rangi wasiulize asili walimpa soko, na pasipo soko mwizi hana kazi.

Mwisho, ukiisha kununua, tunza. Nondo na wadudu wa ngozi huweza kula mali yako yote kwa muda mfupi. Ngozi mpya isichanganywe na za zamani mara moja. Itie katika mfuko uliofungwa barabara, na mwenye jokofu la kugandisha aiweke humo siku kadhaa. Kisha iweke mahali pakavu, mbali na jua, uikague kila mwezi.

Maswali kwa wanafunzi: (1) Kwa nini manyoya ya tetea hayafai nzi wa kuelea? (2) Ngozi ya shilingi 2,400 ina manyoya 80 mazuri. Ya shilingi 3,600 ina 180. Ipi ni rahisi, na kwa kiasi gani kila unyoya? (3) Mtu akikuuzia unyoya usioujua asili yake, utamwuliza nini?

Mwenye kuyajibu matatu hayo bila kusita, na aende sokoni. Hatadanganywa upesi, wala hatamdanganya mtu.