SOMO LA AFYA: MLINZI WA SHAMBA NAYE APUMZIKE



Mahindi yanapokaribia kukomaa, kaya nyingi katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huingia katika msimu wa kukesha. Katika kata kama Machochwe wilayani Serengeti, na Gorong'a, Kwihancha na Nyanungu wilayani Tarime, mwenye shamba hukaa usiku kucha na tochi yake akiwahofia tembo. Kunapopambazuka, kazi za mchana humsubiri. Somo hili linaeleza jinsi hofu na ukeshaji huo unavyoudhuru mwili, na jinsi ya kupunguza madhara hayo bila kuyatelekeza mazao.

Mwili unapohofu

Ubongo ukitambua hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu. Tembo anapotokea, huo ni msaada mkubwa. Hatari ikipita, mwili hupaswa kurejea katika utulivu.

Madhara huanza pale utulivu usipopata nafasi ya kurejea, kwa kuwa usiku kuna ulinzi na mchana kuna mawazo ya ada ya shule na deni la mbegu. Mtu huumwa kichwa, shingo na mgongo, hukasirika upesi, na hata akipata nafasi ya kulala usingizi haumjii. Hali hiyo ikidumu, huongeza hatari ya shinikizo la juu la damu, kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Presha haipigi hodi

Watu wengi wenye shinikizo la juu la damu hawana dalili yoyote. Njia ya kulitambua ni kupima. Kwa mtu mzima, kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, huhitaji uangalizi wa mtaalamu. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Hatua za kuchukua

1. Kesheni kwa zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mashamba yanayopakana yakilindwa na kikundi, kila mmoja hupata usiku wa kulala. Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Aliyekesha atengewe muda wa kulala mchana, na familia iuheshimu.

2. Punguzeni sababu ya hofu. Uzio wa kamba zenye pilipili na oili chafu, pamoja na mizinga ya nyuki, husaidia kuwazuia tembo. Msiwakabili wanyama hao. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori. Mazao yakiharibiwa, toeni taarifa mapema, kwa kuwa utaratibu wa kifuta jasho huhitaji tathmini ya uharibifu.

3. Tulizeni mwili. Keti, vuta pumzi kupitia puani kwa hesabu ya nne, kisha itoe polepole kwa hesabu ya sita. Rudia kwa dakika tano kabla ya kulala.

4. Msitafute nguvu katika pombe wala sigara. Pombe huvuruga usingizi, na sigara huongeza mapigo ya moyo na presha. Chumvi ya siku nzima isifikie kijiko kimoja cha chai.

5. Semeni. Mwanamume anayemweleza mwenzi wake, ndugu au mzee anayemwamini kuhusu mzigo wake hajapungukiwa heshima. Mama anayelinda nyumba na watoto peke yake usiku naye ana hofu yake, asikilizwe.

Wakati wa kwenda haraka kituoni

Maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande au kushindwa kusema ghafla ni dharura. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja. Anayekata tamaa ya kuishi asiachwe peke yake. Naye afikishwe kwa mtaalamu.

Maswali ya kujadili nyumbani

Ni nani katika kaya yenu amekesha zaidi wiki hii? Lini mara ya mwisho alipimwa presha? Nani atashika zamu yake kesho?

Gunia la mahindi lililookolewa ni chakula cha familia. Afya ya aliyeliokoa nayo ni akiba ya familia hiyo hiyo.